Mbwa Nje ya Dirisha

Mbwa huyo aliitwa Satellite. Alipandishwa kwenye chombo cha kwenda Mwezini pamoja na mwenzake Diana, akaumia vibaya chombo kiliporushwa, na njiani akafa. Wasafiri watatu waliokuwa naye wakafungua dirisha haraka haraka, hewa isiwatoke, wakamtupa nje. Baadaye mmoja wao akachungulia kiooni, akaona kitu kisicho na umbo kinaelea karibu na ubavu wa chombo. Kumbe ni Satellite. Hakuachwa nyuma wala hakurudi Duniani. Alikuwa anakwenda nao Mwezini, kwa kasi ileile na njia ileile.

Jules Verne aliandika kisa hiki katika Autour de la Lune, kitabu kilichotoka mwaka 1870 kikiwa mwendelezo wa De la Terre à la Lune wa mwaka 1865. Nilipokisoma mara ya kwanza nilikuwa mwanafunzi, nikapita tu. Nilipokirudia nilikuwa tayari nafundisha fizikia, nikakwama hapo jioni nzima. Nje ya dirisha, mbwa anaelea. Ndani, kioo kimoja tu kikiwatenga naye, watu watatu wamesimama wima sakafuni, wanakula mezani, wanamimina mvinyo na mvinyo unatulia glasini. Mambo haya mawili hayawezi kuwa kweli kwa pamoja.

Shika embe, panda ukutani, ruka, kisha liachie ukiwa bado hewani. Embe halikutangulii wala halibaki nyuma. Linashuka nawe, limekaa palepale mbele ya uso wako kana kwamba halina uzito. Ni nusu sekunde tu, halafu ardhi inakatiza. Chombo kilichozima injini angani kimo katika kuruka hukohuko, ila ardhi haiji. Kama mbwa anaelea kwa sababu yeye na chombo wanavutwa sawasawa, basi na watu walio ndani wanavutwa sawasawa na chombo chao, na sakafu haina sababu ya kuwagusa nyayo. Verne alimwona mbwa vizuri kabisa. Watu hakuwaona.

Nimeufuata mzoga huo kwa miaka sasa, kitabu hadi kitabu, nikirudi nyuma kwa waliomtangulia Verne na kwenda mbele kwa waliomsoma. Njia ni ndefu, na inaanza kwa mchawi.

Johannes Kepler, yule Mjerumani aliyetambua kwamba sayari hulizunguka Jua kwa njia ya duaradufu, aliandika pia hadithi. Inaitwa Somnium, maana yake ndoto. Ilianza kama andiko la mwanafunzi huko Tübingen mwaka 1593, akaja kuikuza mwaka 1609, mwaka uleule alipochapisha sheria zake mbili za kwanza za mwendo wa sayari. Kijana wa Iceland aitwaye Duracotus ana mama, Fiolxhilde, anayewauzia mabaharia mitishamba na kuzungumza na mapepo. Pepo mmoja anawaeleza namna binadamu anavyoweza kubebwa hadi Mwezini kwa muda wa saa 4, kwa kupitia kivuli cha Dunia wakati wa kupatwa.

Mapepo tuyaweke kando, tutazame anachofanyiwa mwili. Kepler anasema mtu akinyanyuliwa hupata mshtuko mkubwa, kama aliyefyatuliwa kwa baruti; kwa hiyo alazwe kwanza kwa dawa ya usingizi, na viungo vyake vipangwe ili mshtuko usambae usije ukamrarua. Puani awekewe sponji yenye maji, maana huko juu kuna baridi kali na pumzi haipatikani. Mwendo ukishakolea, hahitaji kusukumwa tena; anakwenda mwenyewe. Na pale katikati ambapo mvutano wa Dunia na wa Mwezi unalingana, mwili hujikunja wenyewe kama buibui. Huu ni wakati ambapo Newton hajazaliwa! Kishindo cha kuanzia, safari isiyohitaji msukumo, na uzito unaopotea: tangu siku hiyo kila aliyeandika safari ya angani amepimwa kwa mambo hayo matatu, awe anajua au hajui.

Hadithi hiyo ilimgharimu. Nakala ya mkono ilizagaa, na Kepler mwenyewe aliamini kwamba maneno juu ya mama mchawi wa hadithini yaliwapa nguvu waliomshtaki mama yake mzazi, Katharina, kwa uchawi. Mashtaka yalianza mwaka 1615. Bibi kizee wa miaka zaidi ya 70 alifungwa minyororo miezi 14, mwanawe akimtetea kwa maandishi, hoja kwa hoja, hadi alipoachiliwa mwaka 1621. Mwaka uliofuata akafariki. Kepler akairudia hadithi yake na kuiongezea maelezo 223, marefu kuliko hadithi yenyewe, akionyesha kila kauli imetokana na hesabu gani au uchunguzi gani. Kitabu kilichapishwa mwaka 1634, miaka 4 baada ya kifo chake. Siwezi kuyasoma maelezo yale bila kumfikiria mama huyo. Mwanawe anamshika msomaji mkono na kumwambia: kagua, hapa hakuna uchawi, hapa pana hesabu.

Newton hakuandika hadithi, ila alituachia picha ambayo naipenda kuliko hadithi nyingi. Ilichapishwa mwaka 1728, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Weka mzinga kileleni mwa mlima mrefu mno, urefu wa kupita hewa, ufyatue risasi kwa mlalo. Ikienda polepole, itaanguka chini ya mlima. Ongeza kasi, itaanguka mbali zaidi. Sasa fanya hesabu ambayo hata kidato cha kwanza wanaiweza. Kitu kikiachiwa huanguka mita 5 hivi katika sekunde ya kwanza. Uso wa Dunia, kwa kuwa ni mviringo, nao hushuka mita 5 hivi kila uendapo kilomita 8. Basi irushe risasi kilomita 8 kwa sekunde: sekunde ikiisha imeanguka mita 5, na ardhi imekwisha kuikwepa mita 5. Inaanguka mfululizo, na haifiki. Hiyo ndiyo obiti. Kila setilaiti iliyoko juu yetu usiku huu inaanguka.

Verne aliuchukua mzinga wa Newton akauelekeza juu. Hakufanya hivyo kwa kukisia. Binamu yake Henri Garcet alikuwa mwalimu wa hisabati mjini Paris na alimsaidia kukokotoa. Mtutu una urefu wa futi 900, yaani mita 274, umechimbiwa wima ardhini huko Florida. Baruti yake ni ratili 400,000 za pamba iliyotiwa tindikali. Kombora ni la aluminiamu, na kasi ya kutoka ni yadi 12,000 kwa sekunde, karibu kilomita 11. Kasi hiyo ni sahihi. Ukitaka kutoka Duniani ufike Mwezini kwa msukumo mmoja wa mwanzo, hiyo ndiyo kasi, iwe mwaka 1865 au leo.

Florida nayo haikuchaguliwa kwa mandhari. Mwezi hupita utosini kwa wale tu wanaoishi kati ya nyuzi 28 kaskazini na nyuzi 28 kusini mwa Ikweta, na Verne alitaka mzinga wake uelekee utosini. Ndani ya Marekani zilibaki Texas na Florida zigombane. Akauweka mzinga karibu na Tampa, nyuzi 27 na dakika 7 kaskazini.

Jambo hili la latitudo linanirudisha Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Nimesimama ufukweni pale, wavuvi wakinionyesha kwa kidole majukwaa ya chuma yaliyosimama baharini katika ghuba ya Ngwana. Ni majukwaa ya Waitaliano, mradi wa San Marco ulioongozwa na Luigi Broglio. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, roketi aina ya Scout iliondoka pale na setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru, ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza eksirei zinazotoka angani. Kwa nini itoke huku kwetu? Kwa sababu obiti hubeba alama ya mahali ilipozaliwa. Ukirusha chombo moja kwa moja kuelekea mashariki, mwinamo wa obiti yake juu ya Ikweta utakuwa sawa na latitudo ya uwanja ulikoanzia, na hauwezi kupungua hapo bila kuteketeza mafuta mengi. Ngomeni iko karibu nyuzi 3 kusini. Uhuru ikazunguka kwa mwinamo wa nyuzi 3, mbali na ukanda wa mnururisho juu ya Atlantiki ya Kusini ambao ungevuruga vipimo vyake. Na Dunia yenyewe iliipa msukumo wa bure: kwenye Ikweta ardhi hukimbia mashariki takriban mita 465 kila sekunde. Mwinamo huu tuukumbuke, tutakutana nao tena kwenye filamu.

Tumrudie Verne. Kosa lake kubwa si mbwa, bali mtutu. Na yeye mwenyewe ndiye aliyetupa namba za kulifichua.

Mvulana mmoja wa Transylvania, Hermann Oberth, alipewa vitabu hivyo na mama yake akiwa na umri wa miaka 11 hivi, akavisoma mpaka akakaribia kuvikariri. Kisha akachukua penseli. Kasi ya mwanzo aliikubali, maana hesabu ilimjibu kama ilivyomjibu Garcet. Lakini akauliza swali la pili: hiyo kasi inapatikana kwa umbali gani? Hapa nawaomba mfanye nami. Kutoka kusimama hadi kilomita 11 kwa sekunde, ndani ya mita 274. Kipeo cha pili cha kasi gawanya kwa mara mbili ya umbali. Jibu linakuja karibu mara 22,000 ya mvutano wa Dunia. Kombora linatoka mtutuni kwa sehemu 5 za sekunde iliyogawanywa mara 100. Mtu wa kilo 70, kwa muda huo mfupi, anailalia sakafu kwa uzito wa zaidi ya tani 1,500. Verne alikuwa amewawekea wasafiri wake sakafu inayoelea juu ya maji ya futi 3 ili kupunguza kishindo. Maji ya futi 3! Hakuna ambacho kingebaki cha kuzikwa.

Oberth hakukitupa kitabu. Alijiuliza ni kitu gani kinachoweza kufikisha kasi ileile polepole, kwa dakika badala ya sehemu ya sekunde, na akafika kwenye roketi. Chuo kikuu cha Heidelberg kiliikataa tasnifu yake mwaka 1922. Mwaka uliofuata aliichapisha kama kitabu chembamba, Die Rakete zu den Planetenräumen, na vijana wa Ujerumani wakakipokea kama mvua.

Mbele yake alikuwapo mwingine ambaye yeye hakumjua. Konstantin Tsiolkovsky, mwalimu wa shule katika miji midogo ya Urusi, Kaluga ukiwamo, alipoteza usikivu utotoni kwa homa. Naye alimtaja Verne kuwa ndiye aliyempandia mbegu. Mwaka 1883, miaka 13 tu baada ya kitabu cha mbwa, alikuwa ameshaandika mswada juu ya maisha mahali pasipo na mvutano unaohisika, na kuchora watu wanaelea ndani ya chombo, huyu kichwa juu, yule kichwa chini. Na katika riwaya yake iliyokamilika mwaka 1920, ambayo kwa Kirusi inaitwa Vne Zemli, injini zikizimwa tu wasafiri wote wanaelea, na wanaendelea kuelea njia nzima. Hakuna kungoja pale katikati ambapo Dunia na Mwezi zinalingana, kama kwa Kepler na kwa Verne. Kosa hilo Kepler alikuwa na udhuru nalo. Verne, aliyeandika karne mbili karibu baada ya Newton, hakuwa nao. Kiziwi wa Kaluga akalifuta kimyakimya.

Tsiolkovsky ndiye pia aliyeandika, mwaka 1903, kanuni inayoitawala kila roketi. Inasema hivi kwa maneno ya kawaida: roketi ikiwa na mafuta ni nzito karibu mara 3 kuliko ikiwa tupu, itafikia kasi ya moshi wake. Ukitaka mara mbili ya kasi hiyo, uzito uwe karibu mara 7 na nusu. Ukitaka mara tatu, uzito uwe mara 20. Kila hatua inazidisha, haijumlishi. Mwandishi anayemfanya shujaa wake awashe injini siku nzima, ageuke, arudi, amfukuze adui na kurudi tena, amewasahau watu waliolijaza tangi.

Mwaka 1929 mambo haya yalihamia kwenye filamu. Fritz Lang alitengeneza Frau im Mond kutokana na riwaya ya mkewe Thea von Harbou, na Oberth ndiye aliyekuwa mshauri. Filamu haina sauti, nimeitazama mara nyingi. Roketi inatolewa bandani ikiwa imesimama wima. Ina hatua zinazotengana. Wasafiri wamelala vitandani, nyuso zimekunjamana kwa uzito. Sakafuni na darini kuna mikanda ya kushika kwa mkono na mguu. Na kabla ya kuondoka, maandishi yanatokea kwenye kioo yakihesabu kurudi nyuma, sekunde moja baada ya nyingine, mpaka neno "sasa". Lang alitaka watazamaji wabanwe na pumzi. Tangu hapo hakuna roketi tunayoiona ikirushwa bila kuhesabiwa namna hiyo. Ada iliyoanzia sinema ikaja kuwa ada ya kazini.

Kuna upande wa filamu hiyo unaonichoma, na siwezi kuuruka. Vijana walioipenda ndio waliotengeneza V-2. Roketi ya kwanza ya aina hiyo kufanikiwa, tarehe 3 Oktoba 1942, ilichorwa nembo ya Frau im Mond. Miaka 2 baadaye roketi hizo zilikuwa zinaanguka London na Antwerp, na zilitengenezwa na wafungwa wa kambi ya Mittelbau-Dora, waliokufa kwa maelfu. Hesabu ilikuwa sahihi kwa wote, kwa aliyetaka kwenda Mwezini na kwa aliyetaka kuua.

Baada ya vita uandishi wenyewe ukapata adabu mpya. Mwaka 1947 Robert Heinlein alikuwa anaandika Space Cadet, riwaya ya vijana. Alihitaji njia moja ya kusafiria kati ya sayari. Yeye na Virginia, aliyekuja kuwa mkewe baadaye, walitandaza karatasi pana za buchani, zile za kufungia nyama, wakahesabu kwa mkono siku 3, kila mmoja peke yake, kisha wakalinganisha majibu. Kompyuta ya kuazima haikuwapo. Siku zile 3 zilizaa sentensi moja kitabuni. Mhariri angeweza kuifuta na msomaji asingejua. Mimi naiheshimu sentensi hiyo kuliko sura nzima za vitabu vingine.

Arthur C. Clarke alifanya zaidi: aliifanya obiti yenyewe kuwa kisa. Katika hadithi yake fupi Maelstrom II, mtu anarushwa kutoka Mwezini ndani ya kidude kisichokuwa na injini kubwa, kwa mtambo unaoharibika katikati ya kurusha. Kasi imepungua kidogo. Atapanda juu, atageuka, na atarudi kuugonga Mwezi. Anachoambiwa kufanya ni jambo la ajabu kwa sikio: atoke nje, asimame juu ya chombo, aruke kwa nguvu za miguu yake. Tena asiruke sasa hivi, bali akiwa kileleni mwa safari, mbali kabisa na hatari. Sababu ni kwamba angani ukijisukuma mahali fulani, badiliko kubwa linatokea upande wa pili wa obiti. Msukumo mdogo wa kileleni unainua ile sehemu ya chini kwa kiasi cha kutosha kupita juu ya milima. Anaruka. Chombo kitupu kinagonga, yeye anapita. Adui wa kumpiga hakuna, wala bomu la kutegua. Kuna umbo la njia tu, na mtu anayelijua.

Miezi michache baada ya hadithi ile kwenda kwa wasomaji, jambo kama hilo lilimpata mtu halisi. Tarehe 3 Juni 1965 James McDivitt, rubani wa Gemini 4, aliona hatua ya pili ya roketi yake ikielea karibu. Aliagizwa aisogelee. Akaielekezea chombo, akasukuma mbele, kama ambavyo wewe na mimi tungefanya barabarani. Ikazidi kwenda mbali. Akasukuma tena. Karibu nusu ya mafuta yakaisha, akaambiwa aache.

Naomba tukae kidogo hapo, maana ndipo filamu nyingi zinapopotelea mpaka leo. Fikiria wakimbiaji uwanjani. Wa njia ya ndani ana mzunguko mfupi kuliko wa njia ya nje. Na angani, tofauti na uwanjani, wa ndani hulazimika pia kukimbia kasi zaidi, la sivyo anaanguka. Ukisukuma mbele unapanda njia ya nje: ndefu zaidi, na ya polepole zaidi. Unamkimbiza mwenzio na huku unaachwa. Ukitaka kumkamata aliye mbele yako, punguza kasi. Utashuka njia ya ndani, utampita kwa chini, kisha utapanda kumpokea. Buzz Aldrin alikuwa ameandika tasnifu ya udaktari juu ya jambo hili katika chuo cha MIT mwaka 1963. Novemba 1966, akiwa ndani ya Gemini 12, rada ilipokorofisha alikamilisha mkutano wa vyombo viwili kwa majedwali aliyoyaandaa na kifaa cha kupimia pembe kwa jicho.

Sasa tazama Gravity, filamu ya mwaka 2013. Inapendeza mno, na ukimya wake ni wa kweli. Lakini mwanaanga anatoka kwenye darubini ya Hubble akielekea kituo cha anga cha kimataifa kwa mkoba wa gesi mgongoni. Hubble ilirushwa Florida, ikabeba mwinamo wa Florida: nyuzi 28 na nusu. Kituo kina mwinamo wa nyuzi 51.6, ili roketi za Kazakhstan zikifikie. Hata ukiipuuza tofauti ya kimo, kugeuza njia kutoka mwinamo mmoja hadi mwingine kunataka, kwa uchache, kama kilomita 3 kwa sekunde, zaidi ya theluthi moja ya kasi yote uliyonayo. Mkoba ule usingeweza hata sehemu ndogo ya hapo. Mtazamaji anaambiwa kituo kiko pale, kinaonekana. Ndivyo alivyoambiwa na macho yake McDivitt.

Andy Weir alikwenda njia nyingine. Aliitoa The Martian sura kwa sura kwenye tovuti yake, na wasomaji wenye ujuzi wakamwandikia kumsahihisha, akasahihisha. Aliandika programu yake mwenyewe ya kompyuta ili kupata njia za chombo cha Hermes, chenye injini dhaifu inayosukuma mfululizo, na akazifunga kwenye tarehe halisi za mahali zilipo Dunia na Mirihi. Tufani inayofungua kitabu si ya kweli. Hewa ya Mirihi haifiki hata asilimia 1 ya mgandamizo wa hewa yetu, haiwezi kuangusha chombo. Weir amekiri hilo waziwazi. Lakini njia ya Hermes unaweza kuichukua, ukakaa nayo, ukaihesabu. Na watu wamefanya hivyo.

Ndiyo maana, licha ya mtutu wake, sijamwacha Verne. Wasafiri wake hawakutua Mwezini. Kimondo kiliipinda njia yao, wakapita nyuma ya Mwezi, na mvutano wake ukawarudisha nyumbani hadi bahari ya Pasifiki. Njia ya namna hiyo ipo. Aprili 1970, miaka 100 baada ya kitabu, tangi la oksijeni lilipolipuka ndani ya Apollo 13, watu watatu walisukuma chombo chao kirudi kwenye njia ya kuuzunguka Mwezi, wakazungushwa, wakaanguka Pasifiki wakiwa hai.

Miezi 9 kabla ya hapo, tarehe 16 Julai 1969, Hermann Oberth alikuwa Florida. Alikuwa na miaka 75, amealikwa kutazama Apollo 11 ikiondoka. Uwanja uko kama kilomita 200 tu kutoka pale Verne alipochimbia mzinga wake. Watu watatu walikuwa wamelala chali juu ya roketi ya hatua tatu, sauti ikihesabu sekunde kurudi nyuma. Nguvu iliyowagandamiza vitini haikuzidi mara 4 au 5 ya uzito wao. Dakika 12 baadaye walikuwa katika obiti, injini imezimwa, na kila kisichofungwa kilikuwa kinaelea, ndani sawa na nje.